Jibu: Kwa nini mtu hawezi kujitekenya?

Umeuliza kwa nini ukijitekenya mwenyewe husikii kitu, ilhali mwenzako akikugusa tu unaruka. Ngozi ni ileile na neva ni zilezile. Kinachobadilika ni utabiri.

Ubongo unapoutuma mkono, hubakiza nakala ya ile amri na kuitumia kukadiria mguso utakavyokuwa. Mguso ukifika kama ulivyotarajiwa, hupunguzwa makali. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, huko London, walionyesha kwamba serebela, ile sehemu ya nyuma ya ubongo, inahusika. Kisha wakatumia roboti: unasogeza mkono mmoja, nayo inakupapasa kiganja cha mkono wa pili. (Kujitekenya kwa mashine, hebu fikiria!) Roboti ikicheleweshwa hata sehemu ndogo ya sekunde, mtekenyo unarudi, kwa sababu utabiri umepishana na mguso.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Ukiyazungusha, chumba kinatulia. Ukisukuma jicho taratibu kwa kidole juu ya kope, chumba kinacheza. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza hilo tangu karne ya 19. Msuli wa jicho haukupewa amri, basi ubongo unadhani ni dunia iliyosogea.