Nyama ya ng'ombe na mboga kwa staili ya Kichina: viungo vyako havina kosa, tatizo ni maji

Mkuu umeuliza kwa nini nyama yako ya kukaanga na mboga za Kichina inatoka ngumu kama kandambili halafu mboga zinaogelea kwenye supu, wakati soya sosi umeweka, tangawizi umeweka, saumu umeweka. Naona wadau wamekujibu ongeza soya sosi, mwingine kasema weka mchuzi miksi. Mi hii kitu naipika nyumbani hapa Dodoma wikiendi nyingi tu na nakwambia hata umwage chupa nzima hutafika, kwa sababu nyama yako haikaangiki, inachemka.

Iko hivi, ile rangi ya kahawia na ile harufu inayofanya jirani achungulie inaanza kupatikana joto likifika nyuzi 140 hivi kwenda juu. Maji yanachemka kwenye 100, na huku kwetu tuliko juu mita 1,100 na kitu yanachemka hata kabla, kwenye 96 hivi. Sasa nyama ikishaachia maji kwenye karai, hilo joto linaganda hapohapo mpaka maji yote yaishe, na yakija kuisha nyama imeshakakamaa kitambo na hoho zimelala. Kwa hiyo kila nitakachokuandikia hapa chini ni vita na maji tu.

Anzia buchani. Ng'ombe wetu wa kienyeji wametembea sana porini, nyama yao tamu sana ila ina kazi, so usinunue mchanganyiko, omba steki, sarara ukiipata ndo bora zaidi, na mwambie asikukatie, akupe pande zima. Ukifika nyumbani liweke friza likaze kidogo, lisigande, likaze tu kiasi kwamba kisu kinapita bila nyama kukukimbia. Halafu angalia nyuzi zinaelekea upande gani, wewe kata ukizikatisha, vipande vyembamba kama milimita 3 hivi. Ukikata kufuata nyuzi utatafuna mpaka taya ziume hata nyama ingekuwa ya ndama, maana jino ndo linabaki na kazi ya kukatisha ambayo kisu kilitakiwa kiifanye.

Ile nyama laini inayoteleza ya hotelini inatokana na bekingi soda. Nusu kilo ya nyama weka nusu kijiko cha chai na vijiko viwili vya maji, kanda vizuri, iache dakika 15 au 20, halafu SUUZA, usiruke hapo, vinginevyo utasikia ladha ya sabuni. Kazi yake ni kuzuia protini za nyama zisijikaze sana zikikutana na moto, na zisipojikaza maji yanabaki ndani ya nyama badala ya kumwagika kwenye karai. Sio bekingi pauda jamani, na magadi ya kupikia maharage tuyaache kwenye maharage. Kuna wanaotumia papai bichi, inafanya kazi pia ila kwa vipande vyembamba hivi ukisahau kidogo nyama inakuwa uji.

Ukishasuuza kamua kwa mkono, kausha na kitambaa safi, ndo uweke kijiko kikubwa cha soya sosi, kijiko cha chai cha konflawa na mafuta kidogo. Konflawa, sio sembe. Wachina huwa wanaongeza na mvinyo wa mchele hapo, sisi tunaoishi kwenye zabibu kijiko cha mvinyo mweupe mkavu kinatosha kabisa, na asiyetumia pombe aruke tu, chakula hakiharibiki.

Mboga ni unachopata sokoni, karoti, hoho, kitunguu, kabichi, maharage machanga, brokoli siku ukiikuta. Mimi napenda chainizi, zinauzwa kila genge na wengi tunajua kuzichemsha tu na nyanya. Tenganisha mashina na majani, mashina yanaingia mapema, majani yanaingia mwisho kabisa. Cha muhimu osha mboga mapema uziache kwenye chujio dirishani. Hapa upepo na ukavu wa Dodoma tunaoulalamikia kwa vumbi unakusaidia bure, ukimaliza kukata nyama unakuta mboga zimeshakauka.

Sasa mafuta. Yale ya alizeti ya kukamua mtaani, yale mazito yenye harufu yake, nayapenda sana kwenye mboga za majani ila hapa hapana, hayajasafishwa kwa hiyo yanatoa moshi na uchungu mapema kabla karai halijapata moto unaotakiwa. Tumia alizeti iliyosafishwa.

Jiko ndo wengi wanakata tamaa. Ni kweli majiko ya hoteli za Kichina moto wake unazidi wa nyumbani mara nyingi sana, hilo huliwezi, ila unalizunguka kwa kupika kidogo kidogo. Karai la chuma la kawaida linatosha, na kama kitako chake ni cha duara linakaa vizuri zaidi kwenye jiko la mkaa uliokolea kuliko kwenye gesi ya sahani mbili. Kikaango cha nonstiki usikipashe kikiwa kitupu kwa moto mkali, ule utando wake unaanza kuharibika na ile hewa yake sio nzuri.

Kabla hujawasha, sosi iwe kwenye kikombe tayari: soya sosi vijiko viwili vikubwa, sosi ya chaza kijiko kimoja kama unayo, sukari kidogo, konflawa kijiko cha chai, maji vijiko vinne. Chumvi usiweke mpaka uonje. Na kila kitu kiwe kimekatwa kiko mezani, maana ukishaanza huna muda wa kumenya kitunguu, kupika kwenyewe hakufiki dakika 10.

Pasha karai mpaka uone moshi mwembamba, mafuta, halafu nyama fungu la kwanza, nusu kilo igawe mara mbili au tatu. Itandaze na uiache! Usikoroge kama unapika pilau. Subiri nusu dakika ipate rangi, geuza, kidogo tu toa weka pembeni, hata kama kuna kipande hakijaiva sana kitamalizikia kwenye sosi. Ukisikia ile sauti ya kukaanga imepoa ikawa ya kububujika ujue umejaza sana, toa nyingine. Nyama ikiisha ongeza mafuta, karoti na mashina ya chainizi, dakika mbili, kitunguu na hoho dakika moja, sogeza pembeni katikati utupie saumu na tangawizi sekunde chache tu maana vinaungua haraka, ndo maana siviwekagi mwanzo. Rudisha nyama, majani, koroga tena kile kikombe kwa sababu konflawa inakuwa imeshakaa chini, mwagia kuzunguka ukingo wa karai. Ikianza kung'aa na kushika nyama, epua.

Wali uwe umeiva kabla, hiki chakula hakisubiri mtu. Kwa ugali pia kinaenda, ongeza maji kidogo kwenye sosi. Na wageni wakiwa wengi usiongeze nyama kwenye karai, pika awamu ya pili wakati wa kwanza wanakula.