Viatu vya suti kavu: kwa wanaoanza kupiga mbizi Kisumu

Maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, ni ya uvuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo anayevaa suti kavu (vazi la mbizi lisiloingiza maji, lenye hewa ndani) Kisumu hakimbii baridi. Anajikinga na majitaka na kichocho. Anza hesabu ya viatu hapo, maana ushauri mwingi kuhusu suti hizi hutoka nchi za baridi.

Namna ni mbili. Kuna buti za mpira zilizoshikamana na suti, na kuna soksi ya neopreni (mpira wa povu) au lateksi (mpira mwembamba) iliyoungwa kwenye suti, ambayo juu yake unavaa buti za kamba. Za kamba zina soli ngumu na hushika kifundo barabara. Kwenye mawe ya kisiwa cha Mfangano zinafaa sana. Lakini tope la Kisumu huingia kati ya buti na soksi, na mchanga wake husaga soksi mpaka itoboke kisigino. Kamba nazo hunaswa na nyavu zilizoachwa chini. Anza na buti za kushikamana, za mpira laini usio na kitambaa nje: neopreni hufyonza uchafu, mpira laini huoshwa ukatakata.

Saizi ndiyo inayoumiza wengi. Buti ikipwaya, ukiinamisha kichwa hewa hukimbilia miguuni, mguu unachomoka, pezi linaenda, nawe unapaa miguu juu bila uwezo wa kutoa hewa, kwa sababu vali ya kutolea hewa iko begani. Hilo likikupata, kunja magoti kifuani, jibiringishe hadi kichwa kiwe juu, ndipo ufungue vali.

Dukani, vaa soksi utakayozamia nayo. Kwa maji yetu moja nyepesi yatosha. Simama kwa ncha za vidole: kisigino kikipanda ndani ya buti, ni kubwa. Kisha piga magoti na upande ngazi. Vidole vikibanwa, iache, kwani mguu uliobanwa hufa ganzi.

Mapezi yanunuliwe baada ya buti, kamwe si kabla. Chagua yaliyo wazi kisigino, yenye mfuko mpana na mkanda wa springi, kwa kuwa buti hizi ni nene kuliko viatu vya kawaida vya mbizi.

Ukitoka majini, mwenzako akuoshe kwa maji safi na sabuni ungali ndani ya suti, akisugua nyayo na maungio, kabla zipu haijafunguliwa. Anika kivulini, jua hupasua lateksi. Ndani ya buti huchelewa kukauka, basi jaza magazeti na uyabadilishe yakilowa.