Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Sauti ya Kwanza Inashika Nota Ndefu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na kuisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na nota za kantata hiyo mezani. Unaeleza kwamba kwaya yenu imeanza kujifunza kantata ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach iitwayo Wachet auf, ruft uns die Stimme, yaani "Amkeni, sauti yatuita", na kwamba ninyi wa sauti ya kwanza mnajiona mmepunjwa. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne wanakimbizana na kupokezana maneno, fidla zinajibizana na zumari, na ninyi mnashika nota moja moja ndefu kama watu walioambiwa wasimame pembeni wasiharibu shughuli. Unauliza kwa nini mtu aliyekuwa na uwezo mkubwa namna ile aliwaachia kazi nyepesi kiasi hicho.

Mama, hicho mlichopewa ndicho wimbo wenyewe. Hao wanaokimbizana wanauzunguka wimbo mnaouimba ninyi, na ninyi mkinyamaza hawana cha kuzunguka. Ili uone jambo hili vizuri, inanibidi nikurudishe nyuma, kwa sababu Bach hakuutunga wimbo huo. Aliukuta kanisani, ukiwa tayari na umri wa miaka zaidi ya 130, nao waumini wake walikuwa wameuimba tangu utotoni.

Aliyeutunga ni mchungaji Philipp Nicolai, aliyekuwa akihudumu katika mji mdogo wa Unna, magharibi mwa Ujerumani, tauni ilipouingia mwaka 1597. Katika miezi michache walikufa watu zaidi ya 1,000, na nyumba ya mchungaji ilitazama makaburi, kwa hiyo kila maiti iliyozikwa ilipita mbele ya dirisha lake. Katika siku hizo alikaa akisoma na kuandika juu ya uzima wa milele, na kitabu kilichotokana na maandishi hayo kilichapwa mwaka 1599, ndani yake ukiwamo wimbo huu wenye beti tatu. Ukizitazama herufi zinazoanza beti hizo, W, Z na G, kisha ukazisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, unapata vifupisho vya cheo cha kijana mtawala wa Waldeck, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye naye alikuwa amefariki. Kila ninapoufikiria wimbo huu natulia hapo kwanza: mtu anazika asubuhi na jioni, anamlilia mwanafunzi wake, kisha anachukua kalamu na kuandika habari za harusi.

Maana wimbo ni wa harusi. Unatoka katika Mathayo 25, habari za wanawali kumi waliotwaa taa zao kwenda kumlaki bwana arusi, watano wakiwa na mafuta na watano wakiwa hawana, mpaka usiku wa manane zikasikika kelele kwamba amefika. Nicolai aliiweka sauti hiyo midomoni mwa walinzi walio juu ya ukuta wa Yerusalemu, na tuni yake inaanza kama mlinzi anavyopiga baragumu: do, mi, so, inapanda moja kwa moja pasipo kuzunguka. Jaribu kuiimba bila maneno, polepole, utasikia jinsi inavyoita.

Sasa tuje kwa Bach. Yeye aliajiriwa mjini Leipzig mwaka 1723, akawa msimamizi wa muziki katika makanisa makuu ya mji huo na mwalimu wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas. Kila Jumapili ibada ilianza saa moja asubuhi, na baada ya Injili kusomwa, kabla ya mahubiri, kwaya na wapigaji ala waliimba kipande kirefu kilicholifafanua somo la siku hiyo. Kipande cha namna hiyo ndicho sisi leo tunachokiita kantata, ingawa Bach mwenyewe alilitumia jina hilo mara chache. Katika mwaka wake wa pili alijipa kazi ya kutunga karibu kila wiki kantata iliyojengwa juu ya wimbo mmoja wa kanisa ambao watu waliujua. Lakini mwaka ule haukuwa na Jumapili ya 27 baada ya Utatu, na somo la wanawali kumi liliwekwa kwa Jumapili hiyo.

Wewe umekulia katika kalenda ya kanisa, kwa hiyo utanielewa upesi. Jumapili za baada ya Utatu zinahesabiwa kutoka Pasaka, na ili zifike 27 ni lazima Pasaka iangukie mapema sana, mwezi wa Machi. Mwaka 1731 Pasaka ilikuwa tarehe 25 Machi, na Jumapili hiyo adimu ikaangukia tarehe 25 Novemba, wiki moja kabla ya Majilio. Hapo ndipo Bach alipoutunga muziki huu wa karibu nusu saa na kuliziba pengo lililokuwa limebaki kwa miaka saba. Katika muda wote aliokaa Leipzig, mpaka alipofariki mwaka 1750, Jumapili hiyo ilirudi mara moja tu, mwaka 1742. Nikiwa mwalimu wa kwaya ninayejua uchovu wa kuandaa wimbo wa Jumapili moja, nastaajabu kwamba hakuitungia siku hiyo kitu cha harakaharaka.

Kwa hiyo fikiria waumini wa asubuhi ile. Wamesomewa Injili ya wanawali. Ala zinaanza kwa mapigo matatu matatu, kwa mwendo wa kurukaruka na wa heshima, kama maandamano yanayosikika kwa mbali, wala hawajui bado ni wimbo gani unaokuja. Ndipo sauti ya kwanza inaingia: do, mi, so, kwa nota ndefu, na baragumu linapiga tuni hiyohiyo pamoja nayo. Kanisa zima linaujua wimbo ule, na kuanzia hapo hata msukosuko wa sauti za chini ukiwa mkubwa namna gani, bibi aliyekaa benchi la nyuma ana kitu cha kushika. Unakumbuka jinsi tarumbeta zetu zinavyopiga tuni alfajiri ya Pasaka makaburini, na watu wanaoteremka kwenye migomba, wangali mbali, wanaanza kuuimba kabla hawajafika? Baragumu lile linawafanyia ninyi kazi hiyo.

Tazama pia mahali ambapo pengine mmeshapakosea mazoezini, kwenye neno Aleluya. Sauti ya pili inaanza kuliimba peke yake, kwa mbio na furaha, wengine wanafuata mmoja baada ya mwingine, nanyi mnangoja. Mnapoingia kwa nota zenu ndefu, shangwe yote iliyotangulia inageuka kuwa njia iliyotandikwa kwa ajili yenu. Kama mngekuwa mmekimbia tangu mwanzo pamoja nao, pasingekuwa na mtu wa kumpokea.

Kati ya beti za Nicolai, Bach aliingiza nyimbo mbili za watu wawili wawili, kwa mtindo uliotoka kwenye opera ya Kiitalia. Sauti ya kwanza ni nafsi ya mwamini na sauti ya nne ni Kristo. Katika wimbo wa kwanza nafsi inauliza atakuja lini, naye anajibu kwamba anakuja, huku fidla ndogo ikizungukazunguka juu yao kama mwali wa taa. Katika wa pili wameshakutana, na maneno yametokana na Wimbo Ulio Bora: "Mpendwa wangu ni wangu, na mimi ni wake." Hata hivyo usidhani kwamba sehemu zile za mwimbaji pekee zina heshima kuliko yenu. Zilipoimbwa mara ya kwanza, ziliimbwa na wavulana na vijana, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya kanisa kule, na nafasi uliyosimama wewe leo ilishikwa na watoto wa shule.

Sehemu ya nne ninaipenda kuliko zote. Sauti ya tatu wanaimba ubeti wa pili, Sayuni inawasikia walinzi wakiimba, na fidla na viola zote kwa pamoja zinapiga tuni nyingine kabisa, tulivu, inayotembea kwa hatua zake. Tuni hizo mbili hazianzi pamoja wala hazipumziki pamoja, na bado hazigongani hata mara moja. Bach mwenyewe aliithamini sehemu hiyo, maana baadaye aliiandika upya kwa ajili ya kinanda na kuichapisha, naye alichapisha kazi chache mno katika uhai wake. Ukiisikiliza, fuata kwanza zile fidla peke yake mpaka uzizoee, kisha usikie wimbo unavyoingia juu yake bila kuomba nafasi.

Muziki huu ulitoka Leipzig, na Leipzig si mji mgeni kwetu. Wamisionari wa misheni ya Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na nyimbo za kanisa za Kijerumani, na kuimba kwa sauti nne nilikofundishwa na babu yako kwa do re mi iliyoandikwa ubaoni kuna asili yake huko. Nota ndefu unazozilalamikia umezishika tangu ulipokuwa ukisimama juu ya stuli ili uone kitabu.

Mtakapofika mwisho, ubeti wa tatu, hakuna tena anayekimbia. Sauti zote nne zinatembea pamoja na tuni inabaki kwenu, ila fidla ndogo inaipiga nanyi oktava moja juu. Pale usivute pumzi katikati ya mstari, gawaneni na jirani yako, mmoja avute mwingine akiwa bado anaimba, mstari usikatike. Katika ile sehemu ya kwanza, mwombe mwalimu wenu awaache mwimbe tuni tupu mara moja, wengine wote wakinyamaza, kisha awaongezee sauti nyingine moja baada ya moja. Niandikie unieleze ulisikia nini sauti ya pili ilipoingia.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi,
Baba yako