Hisa ya dawa iliyo chini ya wastani wa siku 200: je, ni rahisi kweli?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama hisa ya kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, ambayo kwa miezi kadhaa imekuwa ikiuzwa chini ya wastani wake wa siku 200, inaweza kuhesabiwa kuwa inauzwa chini ya thamani yake, na kama kuurefusha wastani huo hadi wiki 200 au miaka kumi kutakupa kipimo cha uhakika zaidi. Niliwahi kuliamini jambo hilo kwa fedha zangu mwenyewe, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni ya famasi hapa Kariakoo, nilikuwa na kila sababu ya kutokosea. Nilikosea, na kosa lenyewe ni langu, wala simlaumu aliyeniuzia wala kampuni niliyoinunua.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaotumia mstari wa wastani huo kwenye chati hawajawahi kuukokotoa kwa mkono. Unachukua bei za kufunga, yaani bei za mwisho za siku, za siku 200 ambazo soko lilikuwa wazi, unazijumlisha, unagawa kwa 200, na kila siku mpya inapoingia, siku ya zamani kuliko zote inatoka. Siku 200 za soko ni wiki 40, yaani zaidi kidogo ya miezi tisa. Kwa kuwa kila siku ina uzito sawa, kitovu cha wastani huo kiko siku mia moja nyuma, kwa hiyo mstari unaoutazama leo unakueleza hali ya takriban miezi mitano iliyopita. Isitoshe, mstari unaweza kupanda au kushuka leo kwa sababu tu ya bei iliyotoka upande wa nyuma, hata kama bei ya leo haikusogea hata senti. Ni kumbukumbu ya bei ambazo watu walikubali kulipana, na hakuna mahali popote katika hesabu hiyo palipoingia faida ya kampuni, deni lake, wala dawa inazouza.

Mwezi Aprili 2023 nilinunua hisa za Pfizer kwa takriban dola 40 kila moja, kupitia akaunti niliyoifungua kwa dalali wa nje miaka niliyokuwa nikisoma Uingereza. Wastani wa siku 200 wakati huo ulikuwa juu ya dola 45, na mimi nilikuwa na kanuni yangu niliyojitungia: hisa ya kampuni kubwa inayotoa gawio, yaani inayowagawia wenye hisa sehemu ya faida, ikiwa zaidi ya asilimia 10 chini ya wastani huo, inanunuliwa. Kanuni ilipata nguvu zaidi nilipotazama faida, kwa kuwa mwaka 2022 kampuni ilikuwa imepata dola 5.47 kwa kila hisa, na bei ya dola 40 haikufika hata mara nane ya faida hiyo. Nilijiona nimeokota dodo chini ya mbuyu.

Kufikia mwisho wa mwaka ule hisa ilikuwa chini ya dola 29, na mwisho wa 2024 ilikuwa kwenye dola 26 na senti kadhaa. Hapa ndipo ninapokuomba utazame kwa makini, kwa sababu ndicho kiini cha jibu langu. Pengo kati ya bei na wastani, lile lililonifanya ninunue, kufikia mwisho wa 2024 lilikuwa limebaki dogo sana. Kwa kanuni yangu, hisa ilikuwa imekaribia kurudi kwenye "thamani" yake, na mimi nilikuwa nimepoteza theluthi moja ya mtaji. Bei haikupanda kuufuata wastani. Wastani ndio ulioshuka polepole kuifuata bei. Nilikuwa nimepima urefu wa mtu kwa kivuli chake, nikashangaa kivuli kilipofupika. Gawio nililopokea katika kipindi hicho lilikuwa kama dola 2.90 kwa hisa kabla ya kodi, na kwa muda nilijifariji pia na kushuka kwa shilingi, maana katikati ya 2024 dola ilikuwa imevuka shilingi 2,600 na hasara ilionekana ndogo nilipoihesabu kwa fedha yetu. Faraja hiyo nayo haikudumu, kwa kuwa shilingi ilijirudi kabla ya mwaka kwisha.

Kilichotokea hakikuwa siri. Mapato ya kampuni yalikuwa yamefika takriban dola bilioni 100 mwaka 2022 kwa sababu ya chanjo na dawa ya Uviko, na mwaka 2023 yakashuka hadi karibu dola bilioni 58.5, faida kwa hisa ikaporomoka kutoka dola 5.47 hadi senti 37. Bei nilizozijumlisha kutengeneza wastani wangu zilikuwa bei za wakati wa janga. Nilikuwa nauliza kama hisa ni rahisi ikilinganishwa na mwaka ambao usingejirudia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili nilikuwa nikiliona dukani kila siku. Kwenye rafu yangu ya juu kuna boksi la atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, yenye jina la asili, Lipitor, na chini yake kuna safu tatu za atovastatini ileile kutoka viwanda vya India. Boksi la juu nalifuta vumbi kila Jumamosi. Mteja mmoja mzee wa Ilala, anayetumia dawa hiyo kwa miaka, niliwahi kumwonyesha zote mbili, akazigeuza mkononi, akasoma miligramu, akaniambia, "Dokta, kama ni kitu kilekile, nipe ya chini." Dawa hiyo, ya Pfizer hiyohiyo, mwaka 2006 iliingiza karibu dola bilioni 13 duniani, na ilipofika Novemba 2011 kinga yake ya hataza, yaani haki ya kuiuza bila mshindani, nchini Marekani ikaisha, wenye dawa za jeneriki, yaani nakala za dawa ileile, wakaingia, na mauzo ya jina la asili yakaporomoka. Mzee wa Ilala alinifundisha kuthamini hisa za dawa kuliko chati yoyote, lakini somo lake nililiacha kaunta kila nilipofungua kompyuta.

Sasa utaniuliza, mbona wapo walionunua chini ya wastani wakafaidika? Wapo. Mwaka huohuo wa 2023 AbbVie, kampuni nyingine ya dawa ya Marekani, nayo ilishuka chini ya wastani wake wa siku 200, na sababu ilijulikana: dawa yake ya Humira, iliyoingiza dola bilioni 21.2 mwaka 2022, ilianza kupata washindani nchini Marekani Januari 2023, na mauzo yake mwaka huo yakashuka hadi bilioni 14.4. Mtazamaji wa chati peke yake asingeweza kuitofautisha na ile niliyonunua mimi. Lakini aliyefungua taarifa za hesabu angeona kwamba dawa mbili mpya za kampuni hiyo, Skyrizi na Rinvoq, zilitoka jumla ya bilioni 7.7 mwaka 2022 zikafika bilioni 11.7 mwaka 2023, na mwaka 2024 zikawa zinakaribia bilioni 18. Mapengo ya Humira yalikuwa na wa kuyaziba. Katika miezi ya mwisho ya 2024 hisa ilivuka dola 200, kutoka chini ya 140 katikati ya 2023. Mstari wa wastani ulitoa ishara ileile kwa kampuni mbili zilizokuwa katika hali mbili tofauti kabisa.

Kuhusu kurefusha wastani, ushauri wangu ni kwamba kwa hisa za dawa urefu unaweza kuongeza kosa badala ya kulipunguza. Wiki 200 ni karibu miaka minne, na ukizihesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa 2023 unaangukia mwanzoni mwa 2020. Kipindi chote cha janga kimo humo. Miaka kumi nayo ina tatizo lake. Hataza hudumu miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, lakini majaribio ya dawa hula sehemu kubwa ya miaka hiyo kabla kidonge cha kwanza hakijauzwa, kwa hiyo muda ambao dawa inauzwa bila mshindani ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Wastani wa bei wa miaka kumi mara nyingi unachanganya kampuni mbili zenye jina moja: ile iliyokuwa na dawa yenye kinga na ile iliyobaki baada ya kinga kuisha. Kiwanda cha saruji unaweza kukihesabu hivyo bila kupotea sana, kwa kuwa saruji ya leo ni saruji ya miaka kumi iliyopita. Tena, angalia kama chati yako imerekebishwa kwa gawio, maana chati iliyorekebishwa hushusha bei za nyuma. Katika siku 200 tofauti ni ndogo, lakini katika miaka kumi ya hisa inayolipa asilimia tatu au nne kwa mwaka, wastani utakaoupata ni mwingine kabisa.

Ninachofanya siku hizi ni kuchukua wastani wa faida badala ya wastani wa bei. Kwa ile hisa yangu, faida kwa hisa ilikuwa dola 3.85 mwaka 2021, 5.47 mwaka 2022, 0.37 mwaka 2023 na 1.41 mwaka 2024. Wastani wake ni takriban dola 2.78, na dola 40 nilizolipa zilikuwa zaidi ya mara 14 ya wastani huo. Ni kweli kwamba Aprili 2023 nisingeweza kujua miaka miwili ya mwisho, lakini ningeweza kabisa kukataa kuuchukulia mwaka wa janga kuwa mwaka wa kawaida. Baada ya hapo naorodhesha dawa tatu au nne zinazoleta mapato makubwa na mwaka ambao kinga ya kila moja inaisha. Mstari wa siku 200 sijautupa. Nautumia kuamua lini ninunue, nikiisha kuamua kwa njia nyingine kama ninunue. Nikikuta bado unashuka, nagawa fedha zangu mafungu manne na kununua kwa miezi kadhaa, na kwa kweli hilo pekee lingenipunguzia hasara yangu.

Kuna mchangiaji hapo juu aliyependekeza tuutumie mstari huu kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni ya dawa au hospitali sijaiona kwenye orodha ya soko letu tangu lilipoanza kuuza hisa Aprili 1998, lakini hata kwa kampuni nyingine zilizopo ningekuwa mwangalifu. Hisa kadhaa hukaa siku nyingi bila kuuzwa, bei ya kufunga ikabaki ileile, na wastani wa siku 200 ukawa ni namba moja iliyojirudia mara nyingi. Angalia kwanza ni siku ngapi kati ya hizo 200 biashara ilifanyika kweli.

Kwa hisa uliyoiulizia, tuandikie hapa dawa ipi inaleta sehemu kubwa ya mapato yake, kinga yake inaisha mwaka gani, na ipi inayokuja nyuma yake, kisha tutaiangalia chati pamoja.