Maswali na majibu: Utumwa, Matengenezo ya Kanisa na mitego ya A, B, C, D

Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alipinga nini mwaka 1517? A. mamlaka ya Papa, B. uuzaji wa rehema (vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi), C. useja wa mapadri, D. nadhiri za utawa. Nilichagua A, nikakosa.

Jibu ni B. Tazama mwaka kabla ya kutazama herufi. Luther alikuja kuyapinga yote manne, ndiyo maana swali hili humnasa aliyesoma kuliko asiyesoma. Hoja 95 za Wittenberg, za tarehe 31 Oktoba 1517, ziliwalenga wahubiri wa rehema kama Johann Tetzel, walioahidi kwamba roho hutoka toharani fedha zikilipwa. Nusu ya makusanyo ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro, nusu ikalipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa benki ya Fugger. Tena hoja ya 50 inamtetea Papa: angelijua unyang'anyi wa wahubiri hao, angeona heri basilika liwe majivu. Mamlaka ya Papa, Luther aliyatikisa katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, useja akaushambulia 1520, nadhiri 1521.

Mtumwa akibatizwa Virginia, koloni la Kiingereza huko Amerika Kaskazini, alikuwa huru?

Kwa sheria ya mwaka 1667, hapana. Kabla ya hapo mlango ulikuwa wazi kidogo: Elizabeth Key alishinda kesi ya uhuru wake mwaka 1656, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba baba yake alikuwa Mwingereza na yeye mwenyewe ni Mkristo. Bunge la koloni likaziba nyufa zote mbili. Mwaka 1662 lilitamka kwamba mtoto hufuata hali ya mama; mwaka 1667, kwamba ubatizo haubadili hali ya mtu. Basi swali likitaja 1650 na lingine likitaja 1670, majibu yanaweza kutofautiana.

Usiihamishe Virginia hadi visiwa vya Ufaransa huko Karibi. Huko sheria ya 1685, Code Noir, iliamuru watumwa wabatizwe Kikatoliki, na wakabaki watumwa vilevile. Chaguo lisemalo “wakoloni wote walikataza ubatizo” linaanguka hapo.

Swali likiuliza wapi walishushwa watumwa wengi zaidi kutoka Afrika, kwa nini jibu ni Brazili na si Marekani, ilhali Marekani ilikuwa na watumwa mamilioni?

Kwa sababu swali linauliza walioshushwa, si waliokuwepo. Kati ya watu takriban milioni 12.5 waliopakiwa melini Afrika, karibu milioni 10.7 walifika hai. Brazili ilipokea kama milioni 4.8, bara la Amerika Kaskazini halikufikisha laki 4. Kwenye mashamba ya miwa ya Brazili vifo vilizidi vizazi, hivyo mabwana waliendelea kununua. Amerika Kaskazini idadi ilikua kwa kuzaliana, hata sensa ya Marekani ya 1860 ikahesabu watumwa karibu milioni 4. Ukiona “walipelekwa” au “waliishi”, pigia mstari kitenzi hicho.

Nani walitangulia kuandika pingamizi dhidi ya utumwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika: Wamethodisti, Marafiki au Wabaptisti?

Marafiki, yaani Wakweka, wa madhehebu yenye waumini wengi magharibi mwa Kenya. Wanne kati yao walitia saini waraka wa Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688, wakati Umethodisti haujazaliwa. Lakini wenzao waliuweka kando waraka huo. Mkutano wao wa mwaka wa Philadelphia ulikataza wanachama kumiliki watumwa mwaka 1776. Chaguo “Marafiki waliacha utumwa 1688” ni la uongo.

Uingereza ilikomesha utumwa 1807 au 1833?

1807 ni biashara ya watumwa. 1833 ni sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni yake, iliyoanza kutumika Agosti 1834. Zanzibar ina jozi kama hiyo: mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara kwa bahari na kufunga soko la Mkunazini, lakini hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa 1897.