Kabla hujajaza fomu ya MMed (shahada ya udaktari bingwa) ya sajari, yaani upasuaji

Wadogo zangu mlioko intani, ule mwaka wa mazoezi hospitalini baada ya chuo, wengi mnaniuliza kitu kile kile, dokta hii sajari inalipa kweli ukiangalia maisha inavyoyala? Nawajibu wote kwa pamoja.

Kupenda thieta, chumba cha upasuaji, hakutoshi. Thieta kila mtu anaipenda, ukiachiwa apendiksi yako ya kwanza ikatoka salama wiki nzima unatembea kifua mbele. Shida ni kwamba kupasua kwenyewe ni sehemu ndogo tu, kazi iliyobaki ni kuhangaikia damu saa nane usiku, kukaa na mzee wa kisukari umwambie mguu lazima ukatwe na yeye anasema mpaka ndugu wakutane, halafu siku ya tano uko raundi unakuta mgonjwa uliyemuunga utumbo tumbo limejaa, homa juu, mapigo yanakimbia, na unajua kabisa pale uliposhona pameachia. Unamrudisha ndani, na hata ukifika nyumbani hulali. Sasa jiangalie hapo. Kama asubuhi unataka kumuona yeye kabla hata hujanywa chai, sajari inakufaa. Kama roho inakutuma uanzie wodi nyingine, usijidharau, ila usiipuuze hiyo sauti.

Halafu hili la familia watu wanalipita juu juu sana. MD, digrii ya kwanza ya udaktari, miaka 5, intani 1, MMed mitatu au minne kutegemea chuo, njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ni 2 ya MCS (hatua ya kwanza) na 3 ya FCS (ubingwa wenyewe), na ukitaka moyo au ubongo bado unaongeza. Nimeshuhudia sista amemshikia daktari simu sikioni, mikono yote iko ndani ya tumbo la mtoto wa shule ambaye taifodi imemtoboa utumbo, upande wa pili mwanae anauliza baba tukusubiri kukata keki, akamwambia kateni tu mama. Hakuna aliyekosea pale, yule mgonjwa asingefika asubuhi. Lakini yule binti naye hakuchagua sajari, na keki yake imekatwa baba hayupo. Ndio maana nasema huu uamuzi usiufanye peke yako, kaa na mwenzako mzungumzie zamu, sikukuu, na hasa hela, kwa sababu kama huna mwajiri wa kukuruhusu mshahara ukiendelea, utakuwa unalipa ada na huku unakesha wodini. COSECSA unasomea kwenye hospitali iliyoidhinishwa, kwahiyo wapo wanaosoma huku wana ajira, ulizia mapema. Na ninyi mabinti, msiahirishe ndoa au mtoto mkisubiri eti nimalize kwanza, kwenye sajari kila ukimaliza kuna kingine kinaanza.

Mimi naamini sehemu kubwa ya haya mateso haitoki kwenye kisu, inatoka kwenye uchache wetu. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilisema kila watu 100,000 wanahitaji angalau mabingwa 20 ukijumlisha upasuaji, usingizi na uzazi, sisi tuko mbali mno na hapo. Ukiwa bingwa peke yako mkoani hakuna wa kukupokea zamu, msiba wa kwenu utaupata kwa simu. Mkiwa watatu, wanne, mnapangiana, mtu analala, mtu anaenda kumzika bibi yake. Kwahiyo ukifika wakati wa kutafuta kazi uliza mko wangapi kabla hujauliza mshahara, mimi nimeona ndoa zilizopona kwa sababu tu bingwa wa pili aliletwa.

Kwangu inalipa, nasema bila kusita. Ila wewe nenda kwanza hospitali ya wilaya ukakae hata mwaka. Kule ukiwa MO, daktari ambaye bado si bingwa, operesheni za uzazi ni zako, hernia ni zako, vidonda ni vyako, na simu ya usiku ni yako, na mwenzako naye atakuwa ameyaona hayo maisha kwa macho yake. Fomu jazeni baada ya hapo.