Altezza RS200 isiyo na injini: kabla hujanunua "3S yoyote", soma hapa

Mkuu, umesema umepata Toyota Altezza RS200 ya manual, bodi safi, viti safi, ila mwenye gari alishang'oa injini akaiuza kivyake, na bajeti yako ya injini haizidi milioni tatu. Wadau wawili wamekujibu utafute 3S yoyote kwa sababu ziko tele mjini. Naomba usitoe hela kwanza. Mwaka 2019 nilikuwa na RS200 kama hiyo, ya automatic, na ushauri huohuo ndio ulionipoteza.

3S ni familia kubwa ya injini za Toyota. Iliyoko kwenye RS200 ni 3S-GE ya toleo la mwisho, yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) pande zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na ile ya manual ina kompresheni ya 11.5 kwa 1 na inatoa nguvu ya farasi 210. Toyota waliifunga kwenye Altezza peke yake. 3S-GE za Celica, Caldina na MR2 zimekaa kwa kukingama, giaboksi ikiwa ubavuni. Ya kwetu imelala kwa urefu wa gari, giaboksi inaelekea nyuma. Kwa hiyo mkono wa kuingizia hewa, njia za maji, sehemu za mauntingi, vyote vimepangwa tofauti. Na 3S-FE ya Noah ya zamani ni kweli inasukuma tairi za nyuma, ila inakaa chini ya viti vya mbele na imefungwa kwa mkao wa huko. Halafu ni farasi 130. Utakuwa na gari la michezo lenye moyo wa daladala.

Mimi nilinunua ya Celica. Muuzaji mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, aliniapia kwamba "3S ni 3S, fundi atajua mwenyewe". Nililipa milioni 1.8 kwa injini kavu, bila kontroli boksi (kompyuta ya injini), bila wayaringi. Ilikuwa imeoshwa kwa dizeli inang'aa kama sufuria mpya, na mimi ule mng'ao ndio ulionivuta. Tulipoiteremsha kwenye gari kwa winchi, fundi wangu akaiangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniita nishike bomba la maji nione lilipoelekea. Lilikuwa linatazama ukuta wa moto, yaani lile bati linalotenga injini na abiria, pale ambapo hakuna hata nafasi ya kupitisha mkono. Ikakaa gereji miezi minne chini ya turubai, nikaja kuiuza milioni 1.1.

Sasa jambo lililonitoa. Altezza ilikuja na injini mbili. Kuna RS200 yenye 3S-GE, na kuna AS200 yenye 1G-FE, silinda sita kwa mstari, cc 1988, farasi 160. Bodi ni ileile. Kila kitu kinachohitajika kuifunga 1G kwenye bodi ya Altezza kilishatengenezwa kiwandani, hakuna cha kuchomelea. Ndiyo, unapoteza farasi 50, na ile sauti ya 3S ikipanda juu huipati tena. Iliniuma na bado huwa naikumbuka. Lakini 1G ni injini tulivu, mafundi wetu wanaijua kwa sababu ya Mark II, Verossa na Crown, na spea zake zinapatikana hata mkoani.

Usikimbilie kununua 1G peke yake, hata ukiipata kwa milioni moja na nusu. Tafuta AS200 nzima iliyopata ajali ya nyuma. Mimi niliipata Morogoro kupitia dalali, imegongwa na lori, buti imeingia mpaka kiti cha nyuma, mbele haina mkwaruzo, injini inawaka. Milioni 3.5. Najua imepita bajeti yako, ila sikia hesabu yake. Nilitoa injini, giaboksi, kontroli boksi, wayaringi wote wa mbele, mikono ya mauntingi, rejeta, propela shafti, mpaka dashibodi ya saa. Kilichobaki nikakiuza kipande kipande: taa za mbele, milango miwili, boneti, viti, rimu. Ndani ya miezi miwili ilirudi milioni 1.9. Injini na kila kitu chake ikanisimamia milioni 1.6, pungufu kuliko ile kavu ya Celica niliyoanza nayo.

Kinachokula hela kwenye kubadili injini ni vitu vidogo vinavyokosekana. Soketi moja ya sensa unaizunguka Kariakoo siku mbili. Fundi umeme anaunga waya kwa kubahatisha, taa ya injini haizimi, mafuta yanaliwa. Ukiwa na gari zima pembeni, kila waya una mwenzake wa kuangalizia.

Kwa kuwa yako ni manual, tafuta AS200 ya manual. Zipo, ila chache, nyingi zilizoingia ni automatic. Usitegemee giaboksi ya RS200 ifunge moja kwa moja kwenye 1G, sehemu inayoshikana na injini ni tofauti. Ukikosa kabisa, chukua automatic na ukubali kuondoa pedali ya klachi. Na kama gari la ajali ni Lexus IS200 iliyotokea Uingereza, hilo ni gari lilelile kwa jina lingine, ila funguo yake ina chipu. Usipopewa kontroli boksi pamoja na funguo yake ya asili, injini haitawaka.

Kuikagua. Ipende injini chafu kuliko iliyooshwa, kwa sababu uchafu unakuonyesha oili inavujia wapi. Fungua kifuniko cha oili, kigeuze. Ukiona kitu cheupe kama uji wa maziwa umeganda ndani, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Kisha toa plagi zote sita na upime kompresheni kwa geji, usikubali kupimiwa kwa kidole. Silinda zisipishane zaidi ya kilo moja ya presha kwenye geji. Yangu ya namba tano ilisoma chini kidogo. Fundi akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapima tena, ikapanda. Maana yake ringi zimechoka, valvu ziko salama. Tukaitumia kama sababu ya kushusha bei laki tatu, na mpaka leo haijanisumbua. Ingekataa kupanda ningeiacha. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji badilisha injini ikiwa bado chini, hata kama muuzaji anakwambia ni vipya.

Umeuliza pia kuhusu injini ya 1JZ ya Grand Mark II. Jihadhari, nyingi ya hizo ni 1JZ-FSE, yaani D4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake ya mafuta ya presha kubwa ikifa, bei yake inakaribia ya injini nzima ya 1G. Na 1JZ-GTE yenye turbo kwa bajeti yako hiyo usiiwazie.

Jambo la mwisho ni makaratasi, na hili usilipuuze hata kidogo. Mwenye gari la ajali akupe kadi na mkataba wa mauziano vyenye namba ya injini, na namba hiyo uisome mwenyewe kwenye bloku, usisomewe. Kwa kadi yako, namba ya injini itakuwa imebadilika, kwa hiyo peleka vielelezo Mamlaka ya Mapato (TRA) wabadilishe taarifa kabla hujaliingiza gari barabarani. Mimi nilichelewa, nikaja kusimamishwa Chalinze na trafiki aliyefungua boneti, nikashinda pale mpaka saa kumi jioni nikisubiri mdogo wangu alete mkataba kutoka Dar.

Leta picha ya kibati cha bodi kilichoko kwenye chumba cha injini, na picha ya soketi zilizobaki upande wa abiria. Nikiziona nitakwambia kama mwenye gari aling'oa na wayaringi au alikuachia, maana hilo ndilo linaloamua kama hiyo milioni tatu itatosha.